Damu Yangu Ilisema Samaki

Kama midomo yako huvimba na hujui kwa nini, kama koo hukubana baada ya kula na majirani wameshaanza kunong'ona, basi wewe ndiwe ninayekuandikia. Mimi nimepona, au tuseme nimejua cha kukimbia, maana kwa ugonjwa wangu huko ndiko kupona. Usitarajie nikueleze ya kisayansi. Siyajui, na yale niliyoelezwa niliyaamini nusu tu. Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu husema nilizaliwa nikimwangalia mkunga vibaya.

Naitwa Muli. Nakaa juu kidogo ya soko la Mitaboni, na nina kahawa kidogo, mahindi, mbaazi na ng'ombe wa maziwa. Mambo haya yalinipata miaka michache baada ya mvua za El Nino, wakati simu ya mkononi ilikuwa ya mwalimu mkuu na mwenye buchari peke yao.

Huwezi kuelewa ugonjwa wangu bila kuelewa ugomvi wa shamba. Baba yangu na baba mkubwa walipokufa walituachia kesi ya kipande cha chini, kile kinachopakana na mto. Mimi nilisema ni cha baba. Kioko, mtoto wa baba mkubwa, alisema ni cha baba yake. Tulienda kwa chifu, tukaenda kwa DO, mkubwa wa chifu, mwishowe wazee wa ukoo wakachoka na sisi, wakasema tuapishwe kwa kithitu. Kithitu ni kiapo kizito cha sisi Wakamba. Ukiapa uongo hakikuui wewe tu, kinafagia nyumba nzima. Kanisani walinifungia meza ya Bwana kwa sababu hiyo, lakini niliapa. Nilijua ninasema kweli. Kioko naye akaapa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua anasema kweli vilevile, jambo lililonikera sana.

Mzee Nzioka, mkubwa wa ukoo, akatoa sharti mbele ya watu wote.

"Tutangoja mvua mbili zipite. Yule atapatwa na kifo, ama ugonjwa haina jina, huyo ndiye alidanganya. Shamba itaenda kwa mwingine."

Kwa wakati huo niliachiwa nilime, kwa kuwa kipande kilikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo. Nikarudi nyumbani nikamwambia bibi yangu, Ndinda, kwamba kazi yetu ni moja tu: kutokuwa wagonjwa.

Nilianguka mvua ya kwanza, wakati wa palizi. Ndinda aliniletea uji kule kipande cha chini, nikanywa kikombe kikubwa, nikarudi kwenye jembe. Punde si punde viganja vikaanza kuwasha. Nikavikuna kwenye mpini. Kisha masikio yakawaka, midomo ikawa mizito, na koo likaanza kufungwa kidogo kidogo. Nilisikia pumzi yangu ikipiga mluzi. Nikaanguka katikati ya mahindi, na nilichowaza, Mungu anisamehe, si mtoto wangu wala roho yangu. Niliwaza: Kioko ameniona?

Nilizinduka zahanati, nimedungwa sindano, uso umevimba hata macho hayafunguki. Walimleta binti yangu Mwikali anisalimie, akakataa kunishika mkono. Alisema huyo si baba yake. Hilo liliniuma kuliko sindano.

Kioko alikuja kuniona na ndizi. Akasimama mlangoni akinitazama kwa muda.

"Pole, ndugu yangu. Ni nini imekushika?"

"Malaria," nikamwambia.

Malaria ina jina. Aliondoka akitikisa kichwa, na zile ndizi nikamtupia ng'ombe. Ng'ombe hakufa, lakini nikajiambia tumbo la ng'ombe si la mtu.

Niliporudi kwenye jembe nikaanguka tena, palepale kwenye kipande cha chini. Sasa nikajua: kuna kitu kimezikwa. Nilichimba kila kona ya shamba lile. Nilipata chupa ya soda na kwato la mbuzi, na lile kwato lilinikosesha usingizi. Nilishuku mchanga, nikashuku maji ya mto, nikashuku mpini wa jembe, nikauchoma na kununua mpya. Nikaacha kula kwa watu. Kwenye matanga nilikaa na njaa, kwenye harusi nikasema nina kidonda cha tumbo. Chakula changu chote kikawa kinatoka mkono mmoja tu, mkono wa Ndinda, na mwenyewe alinipikia kwa bidii kweli. Muthokoi wa mahindi ya kutwanga, maharagwe, sukuma, na siku za kazi ngumu ule uji wake mzito wenye ndimu na sukari.

Msimu wa kuchuma kahawa nikaanguka nyumbani kwangu, mbali kabisa na kile kipande.

Basi mchanga hauna hatia. Nani alibaki? Nilianza kumwangalia bibi yangu akikoroga chungu. Nikakumbuka kwamba yeye ni wa Muthetheni, na bibi ya Kioko pia ni wa Muthetheni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimelala na nguo hiyo miaka yote.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakuna sumu. Tulikuwa tumeacha desturi hiyo nyumbani, maana mtu na bibi yake wataonjeana nini? Siku moja nikamrudishia kikombe.

"Onja."

Alinitazama. "Baba Mwikali, ni uji."

"Onja basi, kama ni uji."

Hakuonja. Alikunywa nusu nzima, akanipa iliyobaki, akageuka akaendelea kuosha vyombo. Nilikunywa. Kabla hajamaliza vyombo nilikuwa chini nikitapika, uso unafura. Yeye, aliyekunywa nusu ya kikombe kilekile, ndiye aliyenikokota mpaka barabarani kutafuta gari, mzima, nguvu tele. Ukiwa mtu wa kushuku kama mimi, hapo unaona jambo moja tu: mtu huyu ana dawa ya kujikinga.

Zahanati walisema hawaniwezi tena. Wakanituma Machakos mjini, kwa daktari mmoja mama aliyekuwa akija siku maalum za wiki. Kwenye benchi la kungoja kuna shule nzima. Miaka ile ukikonda na ukionekana hospitalini, watu walikuwa wameshakuzika na ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja. Mwanamume mmoja wa kanisani kwetu aliniona pale, akajifanya anasoma bango la chanjo za watoto. Mimi nami nikajifanya sijamwona, kwani yeye alikuwa amekuja kufanya nini?

Daktari alinisikiliza bila kuandika. Akauliza ninakula nini, nikamtajia.

"Tutatoa damu," akasema. "Nitaituma maabara Nairobi. Wataijaribu na vyakula tofauti, waone ni gani mwili wako umekiwekea silaha. Hii ni aleji, Bwana Muli. Kuna kitu unakula mwili hautaki."

"Ama mnapima ukimwi?"

"Ningekuwa napima hiyo ningekuambia."

Hivyo ndivyo angesema hata kama angekuwa anapima. Nilimwangalia mhudumu akinifunga mpira mkononi, sindano ikaingia, damu nyeusi ikajaa kijichupa. Nikaomba nione jina alilobandika. Alicheka. Nikamwambia, "Mama, Machakos hii kina Muli ni wengi." Akaniongezea jina la baba. Hata hivyo nilitoka pale na wasiwasi, nikiwaza damu yangu inapanda gari kwenda Nairobi bila mimi. Nani anajua huko njiani inakutana na nani?

Majibu yangekuja baada ya wiki kadhaa. Nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni, nikamwambia Ndinda kwamba kuanzia leo nitakula kwa mama.

"Sema tu," akaniambia. "Unafikiri nakuwekea nini?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo. Husemi. Unaniangalia tu kama polisi." Sauti yake ilikuwa chini, na Ndinda akishusha sauti ujue umeharibu. "Mimi nitakaa kwa nyumba gani mwanaume anaogopa sufuria yangu?"

Asubuhi yake alimfunga Mwikali mgongoni, akachukua mfuko mmoja, akaenda kwao Muthetheni. Sikumzuia. Nilisimama nikaangalia hadi alipokata kona ya barabara, na nilihisi uchungu na nafuu kwa pamoja, na ile nafuu ndiyo iliyonitia hofu.

Unajua ni nini kilitokea alipoondoka? Nilipona. Wiki zikapita, mvua ya pili ikaanza, nikalima, nikapanda, ngozi ikatulia, nikaongeza mwili. Watu wakasema umeona? Mama hakusema kitu, lakini alianza kuniita jina la utotoni, dalili kwamba ananihurumia. Mimi usiku nilikuwa nalala nimetazama upande wake wa kitanda. Nilitamani nianguke tena, nionekane mjinga, ili arudi.

Basi nikaanguka. Mama alikuwa ameingia kufagia nyumba yangu, akaona mkebe wa unga wa uji aliouacha Ndinda. Mama yangu hawezi kuona chakula kikiharibika. Akakoroga, akaniletea. Nilipoanza kuvimba alipiga kelele hata majirani wakaja na mapanga wakidhani ni wezi.

"Nimemuua! Nimemuua mtoto wangu!"

Nikiwa nimelala pale chini, midomo kama maandazi, niliwaza kitu kimoja: Hata wewe, mwaitu, mama yangu? Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyofanya. Hauishii kwenye koo. Kila mkono unaokulisha unakuwa mkono wa adui.

Siku chache baadaye niliitwa kwa majibu. Daktari aliweka karatasi mezani akaipigapiga kwa kidole.

"Maziwa, hakuna shida. Mayai, hakuna. Karanga, ngano, hakuna. Samaki, juu sana. Bwana Muli, usile samaki. Wa aina yoyote."

Nilicheka. Nilicheka hata mgonjwa wa nje akachungulia.

"Daktari, mimi ni Mkamba wa Mitaboni. Sijawahi kula samaki tangu nizaliwe. Naona samaki naona nyoka. Hiyo damu si yangu. Niliwaambia kina Muli ni wengi!"

"Ni yako."

"Basi imebadilishwa."

Hakukasirika. "Damu haijui unachokataa kula. Inajua kilichoingia tumboni. Nani hukupikia?"

Nilinyanyuka nikitaka kuondoka, kisha nikakaa tena. Nilikumbuka ule mkebe. Mkono wa Ndinda nilianguka, mkono wa mama nilianguka. Mikono miwili, unga mmoja.

Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilienda Muthetheni. Ukweni hufiki na maswali mdomoni, kwa hiyo nilikaa na baba mkwe tukaongea habari za mvua na bei ya pojo mpaka akanihurumia akamwita binti yake. Ndinda akaja, akasimama mbali.

"Ule unga," nikamwambia. "Kuna nini ndani?"

Akahesabu kwa vidole. "Wimbi. Mtama."

"Na?"

"Na omena."

Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani, samaki hasa.

"Ni yule mama wa lishe alikuja kwa kikundi chetu kanisani," akaendelea haraka. "Alisema mtu wa kazi ngumu anahitaji. Unakaanga, unasaga na wimbi, unatia ndimu harufu inaisha. Mwikali anakunywa, mimi nakunywa, hakuna mtu inadhuru. Ningekuambia ungekunywa?"

"Ningemwaga."

"Si ungesema ni chakula ya kuku?"

"Ningesema."

"Basi." Akajifuta macho kwa kanga. "Na kila ukianguka nilikuwa naongeza. Niliona mwili inaisha, na ile kiapo yenu… nikasema nikupe nguvu usife kabla mvua iishe. Nilikuwa naongeza, Baba Mwikali. Mimi mwenyewe."

Hapo akalia sana, na mimi nikalia, baba mkwe akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Na bado, kwa vile mimi ni mimi, kabla ya kulala nilimwuliza mara mbili zaidi kama bibi ya Kioko alikuwa katika kile kikundi. Hakuwa.

Tukarudi nyumbani pamoja, mvua ya pili ikaisha, tukaitwa nyumbani kwa Mzee Nzioka. Ukoo mzima ulikuwepo. Kioko alisimama.

"Mimi na watu wangu tuko wazima. Huyu ameanguka kila msimu. Kila mtu hapa amemwona akibebwa. Kiapo imesema."

Nilisema nina aleji, na kwamba damu yangu imepimwa Nairobi.

"Jina la kitu inakuangusha ni gani?" akauliza Mzee Nzioka.

"Samaki."

We! Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Mkamba wa milimani auawe na samaki? Karatasi ya daktari ilizunguka, wengine wakiishika juu chini. Mmoja akasema karatasi hizo zinanunuliwa mjini, na kwa haki, mimi pia ningesema hivyo.

Ndinda akasimama. Wanawake hawasemi katika baraza lile wasipoulizwa, na hakuna aliyemwuliza.

"Ni mimi nilimlisha. Nilimsagia omena kwa unga na nikamficha. Kiapo haijamwangusha. Ni mimi."

Nilisikia kuku wakiparura. Alikuwa amejiita mlisha-sumu mbele ya ukoo wa mumewe.

"Ale tuone," akasema Kioko. "Sokoni omena iko. Akianguka, ni samaki. Asipoanguka, ni kiapo."

Wazee wakaona ni maneno ya akili. Kikopo kikaletwa. Nitakuambia ukweli: nilikuwa tayari kula. Nilikuwa nimechekwa vya kutosha, na lile shamba ni la baba yangu. Nilinyoosha mkono. Ndinda akakinyakua kikopo akamwaga omena zote mchangani, akazikanyaga.

"Shamba mchukue," akasema. "Huyu hali."

Kuku wakaja mbio. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakimtukana, wengine wakimtetea. Mzee Nzioka akagonga fimbo chini. Ugonjwa sasa una jina, akasema, lakini jina lenyewe halijathibitika. Tungoje mvua moja zaidi. Muli akikaa bila samaki na bila kuanguka, shamba ni lake.

Unaona nilipoachwa? Zamani Kioko hakujua cha kuniua. Sasa ukoo mzima ulijua, na kinauzwa sokoni kwa kikombe. Msimu ule sikuishi, nilichungulia. Daktari alinipa vidonge vya kutembea navyo na akaniambia nikivimba nikimbie hospitali bila kungoja. Ndinda alisuuza kila sufuria kwa maji ya moto. Tulisaga unga wetu wenyewe nyumbani kwa jiwe, kwa sababu kwenye posho mili, mashine ya kusagia ya watu wote, hujui mtu wa kabla yako amesaga nini. Nilikuwa nikimwona Kioko barabarani navuka upande wa pili. Yeye naye alivuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini hawakusema kinachompata asiyeficha.

Mvua ikaja, ikaisha. Sikuanguka. Wazee wakaweka mpaka kwa katani, na Kioko akaupokea.

Kisha akanialika. Binti yake alikuwa akiletewa mbuzi wa posa, na mimi ni baba mdogo wa yule msichana. Kutokwenda ni kumlaani mtoto. Kwenda na kutokula ni matusi mbele ya wakwe. Nilikaa kwenye kiti nilichopewa, nikitazama mlango wa jikoni, vidonge mfukoni, jasho mgongoni.

Kioko mwenyewe ndiye aliyeniletea sahani. Nyama, muthokoi, mchuzi. Akaiweka mapajani mwangu, akainama.

"Kula, Muli. Kwangu omena haijaingia tangu siku ile bibi yako aliimwaga. Hata ya kuku nilikataza. Sufuria nilinunua nyingine."

Nilimtazama. "Tangu siku ile? Msimu mzima?"

"Msimu mzima." Akaangalia kando, kuhakikisha wakwe hawasikii. "Ungekufa, wangesema ni nani? Sikuwa nalala, ndugu yangu. Kila nikisikia mtu anakimbia barabara nilikuwa nasema, ni Muli, amevimba, nimekwisha."

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaanza, wanaume wawili wazima tumeshikana mabega mbele ya wakwe wasiojua kuna nini. Nikachukua kipande cha kwanza nikala, koo langu likabaki wazi.